Karatasi Iliyobandikwa Mlangoni mwa Skuli

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wazazi na jamaa wa chama)

Maneno haya yanahusu jambo ambalo machoni pa wengi ni dogo: khabari za skuli ya watoto, namna zinavyomfikia mzazi, na namna zisivyomfikia.

Mtu akiulizwa khabari za skuli ni nini, aghalabu atataja siku ya kufunga na siku ya kufungua, siku ya michezo, siku ya mkutano, na ile karatasi ya maksi ambayo mtoto huileta nyumbani muhula unapokwisha, imekunjwa mara nne mfukoni na pengine imelowa mvua njiani. Zote hizo ni khabari, wala hapana ubaya kuzipenda. Lakini iko khabari nyingine iliyopata kubandikwa milangoni mwa skuli za Uganda, nayo haikuwa na picha wala mapambo, ilikuwa ni tarakimu tu. Juu ya hiyo wataalamu wa nchi za mbali wameandika vitabu, na huku wazazi wengi wa Uganda wenyewe wameisahau. Inafaa ikumbushwe.

Mnamo miaka ya 1970 na 1980, hazina ya serikali ilipokuwa imedhoofika kwa vita na machafuko, wazazi ndio waliozibeba skuli mabegani. Vyama vya wazazi na waalimu vilitoza michango, na kwa michango hiyo waalimu waliongezewa mshahara ambao peke yake usingewanunulia hata sabuni, na madarasa yakaezekwa. Mzazi wa wakati ule aliumia, lakini alikuwa na sauti, kwani mwenye kulipa huuliza. Serikali nayo ilikuwa na ruzuku iliyoitoa kwa hesabu ya kila mtoto, kwa ajili ya vitabu, chaki na matengenezo. Fedha hizo zilitoka Kampala zikapitia afisi za wilaya, na kutoka hapo zilitakiwa zifike skuli.

Mwaka 1996 ulifanywa uchunguzi katika skuli 250 za msingi za serikali, ili kujua fedha zilizotoka zilifika kiasi gani. Jawabu lake lilikuwa zito. Kwa miaka mitano, tangu 1991 mpaka 1995, zilizofika skuli zilikuwa kwa wastani asilimia 13. Maana yake, katika kila shilingi 100 zilizoandikwa kwa jina la mtoto, mtoto aliona shilingi 13, na zile 87 zilikwenda kwingine. Tena huo ni wastani tu. Skuli nyingi hazikupata hata senti moja kwa miaka hiyo. Na ilionekana jambo jingine la kuhuzunisha zaidi, kwamba skuli za mahali penye wazazi wenye uwezo zilipata sehemu kubwa kuliko skuli za mafukara. Fedha ilikuwa moja, na amri ilikuwa moja, lakini palipokuwa na mtu wa kwenda wilayani kuuliza, kitu kilitoka, na palipokuwa hapana, hakikutoka.

Yafaa hapa kusimama kidogo. Wazazi wa zile skuli zilizopata sifuri hawakunyamaza kwa woga, wala hawakunyamaza kwa kutowapenda watoto wao. Hawakujua kwamba ipo fedha. Mwalimu mkuu mwenyewe mara nyingi hakujua ni kiasi gani kilichoandikwa kwa skuli yake, na hata akijua hakujua imetoka Kampala lini. Mtu hawezi kudai haki ambayo hajapata kuisikia ikitajwa. Hivyo mwizi hakuhitaji kuvunja mlango. Ilimtosha kukaa kimya.

Kisha ukaja mwaka 1997, mwaka wa elimu ya msingi kwa wote, mpango ambao Waganda waliuita Bonna Basome, yaani wote wasome. Kwanza iliamriwa watoto 4 wa kila nyumba wasilipe karo, na watoto wakafurika. Waliokuwa mbali na skuli, na wengine wakubwa wenye ndevu zinazochomoza, walikaa chini ya miti kwa sababu madarasa hayakuwatosha. Hesabu yao ilipita milioni 5 kwa nchi nzima. Serikali ikaweka ruzuku ya shilingi 5,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa darasa la kwanza mpaka la tatu, na shilingi 8,100 kwa kila mtoto wa darasa la nne mpaka la saba. Na katika miaka hiyo hiyo likafanywa lile jambo lenyewe. Kila fedha zilipopelekwa wilayani, kiasi chake kilitangazwa katika magazeti, na baadaye kila skuli ikaamriwa kubandika mahali pa wazi karatasi inayoonyesha imepokea nini. Basi. Hapakuletwa askari. Palibandikwa karatasi.

Ilipofika mwaka 2001 skuli zilichunguzwa tena, ikaonekana kwamba zilizofika zimepita asilimia 80. Skuli zilizokuwa karibu na mahali panapouzwa magazeti, ambazo waalimu wakuu wake walizijua vyema kanuni za ruzuku ile, zilipona zaidi kuliko zile za mbali.

Haki isemwe, wako wataalamu waliosema baadaye kwamba karatasi ile isisifiwe peke yake, kwa kuwa katika miaka ile ile serikali ilikuwa ikitengeneza mambo mengine mengi ya hesabu na usimamizi, na fedha zenyewe zilikuwa zimeongezeka. Maneno yao yana uzito. Lakini hata wao hawakusema kwamba karatasi ilikuwa bure. Karatasi haina mkono wala haina rungu; nguvu yake ni mtu anayesimama mbele yake akaisoma, kisha akamgeukia mwenziwe na kumwuliza: hizi ziko wapi?

Na kuisoma si kazi ya wanavyuo. Kwa viwango vile vya 1997, skuli yenye watoto 300 katika madarasa matatu ya chini ilistahili shilingi 1,500,000 kwa mwaka. Ikiwa na watoto 200 katika madarasa manne ya juu ilistahili shilingi 1,620,000. Jumla yake ni shilingi 3,120,000. Hesabu hiyo mtoto wa darasa la sita aweza kumfanyia baba yake kwa mkaa juu ya kigae. Viwango vimebadilika tangu siku hizo, lakini namna ya kuhesabu ni ile ile: idadi ya watoto, mara kiasi cha kila mtoto. Mzazi akizijua tarakimu mbili hizo, ameijua skuli yake. Asipozijua, hata akihudhuria kila mkutano na kupiga makofi, yeye ni mgeni.

Sasa, mwenye kupita leo katika skuli nyingi ataiona mbao ya matangazo. Pengine iko ndani ya afisi ya mwalimu mkuu, mahali ambapo mzazi haingii ila ameitwa kwa kosa la mtoto. Pengine iko nje, lakini karatasi zake zimepauka kwa jua na ni za mwaka uliopita. Na aghalabu zimeandikwa Kiingereza kitupu. Hili la lugha lina ubaya wake khasa. Wako mama katika jamaa za Kiislamu wanaosoma msahafu barabara, harufi kwa harufi, na herufi za Kirumi hawakufundishwa. Tangazo la Kiingereza kwao ni sawa na michoro ya mdudu. Wako na wengine wanaosoma Kiganda au Kiswahili bila ya taabu, lakini mbele ya karatasi ile huona haya, wakaondoka kama kwamba wamesoma. Tangu mtaala wa mwaka 2007, watoto wa madarasa matatu ya kwanza wamepangiwa kufundishwa kwa lugha ya mahali pao. Ikiwa mtoto mdogo ameonekana hafahamu ila kwa lugha ya mama yake, mama mwenyewe amekosa nini hata aandikiwe kwa lugha nyingine? Na Kiswahili kimewekwa katika katiba ya Uganda kuwa lugha rasmi ya pili tangu mwaka 2005, na mwezi wa Julai 2022 baraza la mawaziri likaamua kifundishwe katika skuli. Lugha iliyoingia katika katiba haitashindwa kuingia katika ubao wa skuli.

Lakini asiyejua kusoma naye anayo masikio. Khabari za mazishi na za harusi hutangazwa baada ya sala ya Ijumaa, na kufika magharibi hapana asiyezijua. Hapana kizuizi cha kutangaza hapo kwamba skuli imepokea kiasi fulani, au kwamba mkutano wa wazazi ni Jumamosi saa nne. Ila ikumbukwe kwamba skuli iliyoasisiwa na Waislamu haina watoto wa Kiislamu tu. Mna watoto wa majirani Wakristo, na khabari ya fedha yao ni haki yao vilevile. Basi isomwe na sokoni, na kwa mwenyekiti wa kijiji, isije ikawa khabari ya msikitini peke yake na wengine wakadhani imefichwa.

Yatakiwa pia kukumbuka desturi ya wazazi wa Kiislamu ya kusimama mbali na skuli ilikotoka, maana haikuja kwa uvivu. Zamani za wakoloni skuli nyingi zilikuwa mikononi mwa mishenari. Mzazi Mwislamu aliogopa kwamba mtoto ataingia kwa jina moja na kutoka kwa jina jingine, na khofu hiyo ilikuwa na sababu. Kwa hivyo wengi waliwazuia watoto wao, na waliowapeleka hawakutaka kusikia sana yanayopita huko. Ndipo katika miaka ya 1940 kikaundwa chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, na Prince Badru Kakungulu akawa mstari wa mbele, akatoa ardhi ya kilima cha Kibuli, na skuli za Waislamu zikaanza kuenea. Majengo yalipatikana, Mwenyezi Mungu awalipe waliojitolea. Lakini ile desturi ya kusimama mbali ilibaki, ikarithiwa na wajukuu ambao sababu yake hawaijui.

Na madhara yake huonekana hata katika jambo la jina. Mtoto akifika darasa la saba huandikishwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi, na namna jina lake lilivyoandikwa siku ile ndivyo litakavyokuwa katika cheti chake. Majina ya Kiislamu yana maandiko mengi. Mtoto mmoja nyumbani ni Khadija, katika kadi ya zahanati ni Hadija, na katika daftari la skuli ni Hadijah. Sulaimani naye ana sura nne au tano. Mwalimu huandika kama anavyosikia, naye halaumiwi. Miaka mingi baadaye kijana hutafuta kazi au pasi ya kusafiria, akaambiwa kwamba mtu wa cheti hiki na mtu wa kitambulisho hiki ni watu wawili. Ataanza kuapa mbele ya wakili, na kulipa, na kurudi kesho. Yote hayo yangalimalizwa na mzazi mmoja aliyeitwa skuli kwa robo saa, akaonyeshwa orodha kabla haijapelekwa Baraza la Mitihani, akatia kidole juu ya jina la mwanawe na kusema: hapa pana kosa. Khabari ya siku ya kuandikisha yastahili kutangazwa kuliko khabari ya siku ya ngoma na michezo.

Hata matokeo yenyewe wako wasioyajua kuyasoma. Mtihani ule una masomo manne, Kiingereza, Hesabu, Sayansi na Maarifa ya Jamii, na katika kila somo aliyefanya vizuri kabisa hupewa 1, na aliyeshindwa hupewa 9. Zikijumlishwa, jumla iliyo bora ni 4 na iliyo mbaya ni 36. Mzazi asiyeelezwa hudhani kwamba mwenye 30 amemshinda mwenye 6, akamchinjia kuku asiyestahili. Ni jambo la kuchekesha, lakini mtoto mwenye 6 aliyekemewa nyumbani hacheki.

Ukubwa wa jambo hili ulidhihirika kwa uchungu katika miaka ya maradhi ya korona. Skuli za Uganda zilifungwa mwezi wa Machi 2020, na ijapokuwa madarasa ya mtihani na mengine yalirudi kwa muda, hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Hakuna nchi nyingine duniani iliyofunga muda mrefu kuliko huo, na watoto waliopata hasara walikuwa kama milioni 15. Masomo yalipigwa katika redio na kuchapishwa katika karatasi, lakini nyumba nyingi hazikuwa na redio, na karatasi hazikufika kote. Mwalimu aliyekosa mshahara katika skuli za binafsi alikwenda kulima au kuendesha pikipiki. Wasichana waliolewa au walipata mimba, wavulana wakazoea kushika fedha ya vibarua. Na milango ilipofunguliwa, skuli nyingine za binafsi hazikufunguliwa tena.

Katika miezi hiyo ilionekana wazi tofauti ya mahali palipokuwa na mazungumzo na mahali pasipokuwa nayo. Mzazi aliyekuwa akijuana na mwalimu alimwendea nyumbani, akamwomba amwandikie mtoto maswali, akampa ndizi au mahindi kwa shukrani. Aliyezoea kwamba skuli itamtafuta yeye, hakutafutwa. Naye mtoto aliyeacha darasani katika siku zile hakutoka kwa kelele. Hakufika Jumatatu ya kwanza, hakufika ya pili, daftari la mahudhurio likawekwa alama, na alama ile ikalala ndani ya kabati. Baba alidhani yuko skuli, mwalimu alidhani yuko nyumbani. Hapa khabari inayotakiwa si ya karatasi tena, ni ya miguu. Mtoto akikosa siku tatu, atumwe mtu nyumbani kwao kuuliza. Skuli ndogo yaweza kuliweka jambo hili bila ya gharama yoyote, kwa kuwa kila kijiji kina mwanafunzi mkubwa au mzee wa kamati anayepita njia hiyo.

Yamebaki machache. Wako wanaosema kwamba maadamu elimu ni bure, mzazi hana la kuuliza. Sheria ya Elimu ya mwaka 2008 haikusema hivyo. Ilikataza kumtoza mzazi ada katika skuli za mpango ule, lakini ikamwachia chakula, mavazi na matibabu ya mtoto. Kwa sababu hiyo mtoto huweza kukaa darasani tangu asubuhi mpaka saa kumi bila ya kutia kitu kinywani, huku mzazi akidhani serikali inampa uji, na mwalimu akidhani mzazi hajali. Kila mmoja ana khabari nusu. Wazazi waliokaa wakazungumza wamekuta kwamba kilo chache za mahindi kwa muhula zatosha kikombe cha uji cha kila siku, na mwalimu wa hapo atasema mwenyewe kama watoto husinzia baada ya adhuhuri au hawasinzii.

Na usimamizi wenyewe haukuachwa kwa mwalimu mkuu peke yake. Kila skuli ya serikali ina halmashauri ya usimamizi; waasisi huteua wajumbe wao, na wazazi nao huchagua wao katika mkutano wa mwaka. Hao ndio wenye haki ya kufunuliwa daftari la fedha na kuuliza juu ya kila mstari. Lakini mkutano wa mwaka, katika sehemu nyingi, huhudhuriwa na akina mama wachache na wazee wawili watatu, wajumbe wakachaguliwa kwa kunyosheana vidole, na aliyechaguliwa hufahamu baada ya miezi kwamba alichaguliwa. Mara nyingine mtu huchukuliwa kwa sababu ana sauti nzuri ya kuomba dua. Dua ni njema, lakini kiti kile chataka mtu anayejua kujumlisha, na asiyeona haya kuuliza mara ya pili alipojibiwa nusu.

Wazazi watakapotoka hapa watapita mbele ya mlango wa afisi ya skuli. Kama iko karatasi, isomwe, na asiyejua kusoma amshike mkono mtoto wake amsomee. Kama haiko, mwalimu mkuu aulizwe kwa adabu siku gani itabandikwa, na siku hiyo watu warudi kutazama.